Wapi Afikie Shangazi: Kisa cha Kuchagua Mtaa Salama Dar es Salaam

Mwezi Machi 2024 shangazi yangu, mjane wa miaka 61 anayeishi Songea, alipewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa matibabu ya mionzi. Ratiba aliyopangiwa ilikuwa ya vipindi 25, kimoja kila siku ya kazi, kuanzia Jumatatu tarehe 15 Aprili, naye angehudhuria kama mgonjwa wa nje, yaani kila siku aende, alale kwenye mashine dakika chache, kisha arudi alikofikia. Angesindikizwa na binti yake, binamu yangu wa miaka 27, ambaye alikuwa amefika Dar es Salaam mara moja tu maishani, tena kwa safari ya shule. Ukoo ulinikabidhi mimi kazi ya kuamua wangefikia wapi, kwa sababu niliishi jiji hilo miaka tisa kabla ya kuhamia Dodoma kikazi, na ilichukuliwa kwamba mtu aliyeishi Dar es Salaam anaijua Dar es Salaam.

Uamuzi wangu wa kwanza ulidumu siku 12 na ulimgharimu Shangazi goti lililovimba, simu, faili la hospitali na vipindi viwili vya mionzi. Uamuzi wa pili ulidumu mpaka matibabu yalipokwisha. Naeleza yote mawili kwa kirefu kwa kuwa kosa lilikuwa langu na ningeweza kuliona mapema. Nilikuwa nikiuliza ni mtaa gani ulio salama, wakati nilipaswa kuuliza watu hawa wawili watakuwa barabara gani, kwa miguu au kwa chombo gani, na saa ngapi, katika kila moja ya siku zile 25.

Majina ya mitaa

Mjadala ulifanyika katika kundi la WhatsApp la ukoo, na kama ilivyo kawaida, kila mtu alikuja na jina la mtaa. Kaka mmoja wa Mwanza alisisitiza Masaki au Oysterbay, kwa hoja kwamba ndiko wanakokaa mabalozi. Mwingine alisema Sinza kuna gesti nyingi za bei nafuu. Shangazi mdogo alionya kwamba Kariakoo kuna wezi na Manzese kuna vibaka, akakumbusha habari za panya road, vijana ambao mwaka 2022 waliingia usiku katika nyumba za watu kwenye baadhi ya mitaa ya jiji wakiwa na mapanga. Hakuna aliyesema uongo. Hata hivyo kila sifa ya mtaa hutokana na maisha ya yule anayeitoa, na maisha ya Shangazi katika wiki zile yasingefanana na ya yeyote kati yetu.

Masaki ni salama kwa mtu mwenye gari linaloingia ndani ya geti. Kwa anayetembea kwa miguu ni barabara ndefu zenye kuta pande mbili, watembea kwa miguu wachache, na wezi wa pikipiki wanaopora mikoba na kutokomea kabla hujageuka. Manzese, ambayo jina lake linawatisha watu wa mikoani, imejaa watu mpaka usiku, na mwenyeji wa kule anatembea saa tatu bila wasiwasi kwa sababu anajulikana. Mgeni anayeshangaashangaa na begi ndiye anayelengwa. Kariakoo mchana hatari yake ni mkono wa mtu mfukoni mwako katikati ya umati, na hatari ya namna hiyo haimuumizi mtu mwili. Posta na Kivukoni, zilizo karibu kabisa na hospitali, hujaa watu wa ofisini mchana, halafu baada ya saa kumi na mbili jioni na siku nzima ya Jumapili hubaki walinzi na milango iliyofungwa. Mtaa mmoja, kwa hiyo, una usalama tofauti kwa saa tofauti, na aina ya uhalifu inayopatikana pale inategemea sana kama kuna watu wengi au hakuna mtu.

Jambo jingine ambalo jina la mtaa halisemi ni mahali hospitali yenyewe ilipo. Ocean Road ilianzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ikitazama bahari, na mpaka leo imezungukwa na Ikulu, ofisi za serikali, bustani ya mimea, Makumbusho ya Taifa na viwanja vya gofu. Ni eneo zuri na lenye ulinzi, lakini mgonjwa wa kipato cha chini hana pa kupanga hapo. Lazima atoke, na swali la usalama linaanzia pale anapotoka getini.

Chamazi

Tuliamua wafikie Chamazi, kwa shemeji yake Shangazi, mdogo wa marehemu mume wake, ambaye binamu yangu humwita baba mdogo. Kusema kweli hatukuamua, maana jambo hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa na desturi. Mgonjwa hawezi kulala gesti ilhali ndugu yupo mjini. Ingekuwa aibu kwa aliyeko mjini na kwa aliyetoka nyumbani. Baba mdogo mwenyewe alipiga simu akasema, "Shemeji akilala nje mimi nitamwambia nini marehemu kaka?" Baada ya maneno hayo hakuna aliyethubutu kufungua tena mjadala, hata mimi niliyekuwa na wasiwasi kidogo juu ya umbali.

Nyumba yenyewe ilikuwa salama kuliko zote ambazo wangeweza kupata: uzio, mbwa, majirani wanaofahamiana kwa miaka 15, na mjumbe wa nyumba kumi aliyejulishwa siku ileile wageni walipofika. Ndani ya nyumba ile sikuwa na shaka yoyote. Nilichokosa kukipima ni njia. Kutoka Ocean Road mpaka Chamazi ni zaidi ya kilomita 20. Wakati ule njia za mwendokasi kwenye Barabara ya Kilwa zilikuwa zimejengwa lakini mabasi hayajaanza, hivyo mtu alipanda daladala mpaka Mbagala Rangi Tatu, akashuka, akatafuta nyingine au bajaji kwenda Chamazi, na mwisho akatembea kama dakika kumi kwenye barabara ya udongo isiyo na taa. Jumla ya safari jioni ilikuwa saa mbili, na zaidi mvua iliponyesha.

Zamu ya mashine aliyopangiwa Shangazi ilikuwa ya alasiri. Mashine za mionzi ni chache na wagonjwa wanatoka nchi nzima, kwa hiyo kazi hugawanywa mchana kutwa, na aliyepangiwa alasiri anaweza kutoka saa kumi na moja au saa kumi na mbili. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, na jua lake huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo, mwaka mzima. Hesabu hiyo mtoto wa shule angeiweza: akitoka saa kumi na moja na nusu, anafika Rangi Tatu saa moja, na dakika kumi za barabara ya udongo anazitembea saa moja na nusu au saa mbili, gizani, akiwa amechoka kwa mionzi, katika mwezi wa masika. Siku zote 25. Taarifa hizo zote nilikuwa nazo. Sikuziweka pamoja.

Kabla sijaendelea, kuna sehemu moja ya safari ambayo ilipangwa vizuri, nayo ni kuwasili. Tangu serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, mabasi ya mikoa ya mbali huingia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, saa yoyote. Basi lao liliingia saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 13 Aprili. Nilikuwa nimemwambia binamu yangu kwamba wasitoke nje ya stendi kwa sababu yoyote mpaka kupambazuke, wakae mahali penye taa na watu, mabegi yawe mbele ya miguu yao, na wasimkubali dereva yeyote anayewafuata akisema anajua wanakokwenda. Walikaa mpaka saa kumi na mbili na nusu, wakaita gari kwa programu ya simu, wakalinganisha namba ya gari na ile iliyoonekana kwenye simu kabla ya kufungua mlango. Teksi bubu zimewahi kuwatia watu hasara kubwa mjini pale, ikiwamo kupelekwa kwenye mashine za benki kwa nguvu, moja baada ya nyingine. Saa tatu na nusu za kusinzia kwenye benchi ni bei ndogo.

Alhamisi tarehe 18 Aprili

Aprili ya mwaka ule mvua zilikuwa kubwa kupita kawaida, na mafuriko yaliua watu zaidi ya 150 nchini. Alhamisi hiyo Shangazi alitoka hospitali saa kumi na mbili jioni. Walifika Rangi Tatu saa mbili kasoro. Bajaji waliyoipata iliwashusha mbali kuliko kawaida, kwa sababu dereva aliona dimbwi na akakataa kuendelea, jambo ambalo simlaumu. Wakawa na mwendo wa kama dakika 20 badala ya kumi. Binamu yangu alikuwa amewasha tochi ya simu ili mama yake aone pa kukanyaga, na mkoba ulikuwa begani upande wa barabara. Vijana wawili kwenye pikipiki isiyo na taa walipita, yule wa nyuma akavuta mkoba na mwenzake akageuza na kumpokonya simu. Shangazi, aliyekuwa ameshika mkono wa binti yake, alivutwa naye na akaangukia goti.

Hawakupigwa, na tunashukuru kwa hilo. Ndani ya mkoba kulikuwa na faili la hospitali, kitambulisho cha Taifa cha binamu yangu na shilingi 70,000. Ijumaa Shangazi hakuweza kukunja mguu, na binamu yangu alishinda polisi kuchukua taarifa ya upotevu wa mali, kisha kurudisha laini ya simu. Jumatatu iliyofuata mvua ilifunga njia za ndani mpaka alasiri na wakashindwa kufika kwa wakati. Vipindi viwili vikapotea. Mtu asiyejua anaweza kuona vipindi viwili kati ya 25 ni kidogo, lakini mionzi hupangwa mfululizo kwa sababu maalumu: mapengo huipa saratani nafasi ya kujijenga upya, na daktari alilieleza hilo kwa uzito mkubwa waliporudi Jumanne.

Baba mdogo aliumia sana. Alitaka awe anawafuata Rangi Tatu kila jioni, lakini kazi yake ya ulinzi ilianza saa kumi na mbili. Ilibidi nizungumze naye kama mtoto anavyozungumza na mzazi, kumweleza kwamba nyumba yake haina kosa, na kwamba tunamhamisha Shangazi kwa sababu ya barabara na saa, tukimwomba yeye mwenyewe atoe ruhusa. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Haya. Ila Jumapili waje wale hapa." Naamini kwamba bila ruhusa ile wangebaki Chamazi hata wangeporwa mara ya pili, maana Shangazi asingeondoka kwa kumvunjia shemeji yake heshima. Katika kupanga usalama wa mgeni wa Kiafrika, mazungumzo haya ni sehemu ya kazi, na ni heri yafanyike kabla ya safari.

Kutafuta upya

Safari hii nilianza na saa. Niliandika kwenye karatasi: kutoka getini saa kumi na mbili jioni, mvua ikinyesha, mgonjwa akichechemea. Kila mtaa niliupima kwa mstari huo.

Sinza ilitoka haraka. Gesti zipo na bei ni nzuri, lakini sehemu kubwa ya vyumba hukodishwa kwa saa, watu wanaingia na kutoka usiku kucha bila mtu kuwajua, na baa ziko ukuta kwa ukuta. Kwa kijana anayekuja kibiashara siku mbili haina shida. Wanawake wawili, mmoja mgonjwa, kwa mwezi mzima, sikuona ikiwafaa. Lakini hata kama gesti zingekuwa za kitawa, Sinza ina tatizo linaloihusu pia Manzese, Magomeni na mitaa yote iliyopangana na Barabara ya Morogoro ng'ambo ile: ili kufika mjini kwa mwendokasi lazima uvuke Bonde la Msimbazi pale Jangwani, na mvua kubwa ikinyesha maji hupita juu ya barabara, mabasi husimama, na magari mengi hukimbilia Daraja la Salender. Magomeni ningeipenda sana mwezi wa Julai. Ina watu, ina taa, kituo kiko karibu, na kutoka Magomeni Mapipa mpaka Kivukoni ni safari fupi. Lakini Aprili, kwa mgonjwa asiyeruhusiwa kukosa kipindi, Jangwani ilikuwa hatari ileile ya Chamazi kwa sura nyingine.

Kariakoo niliifikiria kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri. Iko upande sahihi wa Jangwani, chakula ni rahisi, na bajaji hazikosekani. Kilichoiondoa ni ngazi. Vyumba vya bei yetu vilikuwa ghorofa ya nne na ya tano bila lifti, na goti la Shangazi lisingeweza. Uimara wa majengo sikuufikiria kabisa wakati ule. Baada ya jengo kuporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba mwaka huohuo na kuua watu zaidi ya 20, leo ningeuliza pia kama kuna mtu anachimba au kubomoa chini ya jengo au kando yake.

Ikabaki Upanga, hasa upande wa Muhimbili. Ni mtaa wa makazi ya zamani, wenye nyumba za Shirika la Nyumba na maghorofa ya familia, na haufiki kilomita 4 kutoka Ocean Road bila kuvuka bonde lolote. Udhaifu wake ni utulivu. Watu huusifu utulivu wa Upanga, na mchana unastahili sifa, lakini saa mbili usiku barabara tulivu ni barabara ambayo ukipiga kelele hakuna anayesikia isipokuwa mlinzi aliye nyuma ya geti lililofungwa. Nilijua hivyo kwa kuwa niliwahi kupita pale.

Dalali wa kwanza tuliyempata kwa simu alituma picha za chumba kizuri na akataka shilingi 50,000 za kushikilia kabla ya mtu kwenda kukiona. Binamu yangu, aliyekuwa amechoka na mwenye hofu, alitaka kutuma. Nilimsihi asitume, nikamwambia dalali kwamba rafiki yangu angekwenda kuona chumba jioni hiyo. Dalali akasema chumba kimeshachukuliwa, na dakika chache baadaye namba haikupatikana tena. Njia iliyofanikiwa ilikuwa ya zamani zaidi: binamu yangu alikwenda misa Jumapili, akajieleza kwa mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo, na kufikia Jumanne tulikuwa na majina ya wenye nyumba wawili wa Upanga waliozoea kupokea wagonjwa wa mikoani.

Bei zilikuwa karibu sawa. Nyumba ya kwanza ilikuwa bora kwa kila kitu kinachoonekana kwenye picha: chumba kikubwa, choo cha ndani, feni mbili, geti la chuma. Ya pili ilikuwa chumba kidogo cha uani, choo cha kushirikiana na mpangaji mwingine mmoja. Nilimwomba rafiki yangu asiende mchana. Alikwenda Jumanne saa mbili na nusu usiku, akashuka kwenye bajaji barabara kuu, akatembea mpaka nyumba ya kwanza huku akinieleza kwa simu ya masikioni, kisha akatembea mpaka ya pili. Kati ya nyumba hizo mbili hapakuwa na zaidi ya mita 400.

Njia ya nyumba ya kwanza, alisema, ilikuwa ukuta upande huu na ukuta upande ule, taa mbili kati ya tano zinawaka, gari moja limeegeshwa na watu wawili ndani wasiojulikana wanafanya nini. Alitembea dakika nne bila kukutana na mtu. Njia ya nyumba ya pili ilipita karibu na upande wa hospitali ya Muhimbili, ambako usiku haulali: wauguzi wanabadilishana zamu, ndugu wa wagonjwa wanatafuta chai, mama wa chipsi yuko kwenye kona, duka la dawa liko wazi, na mbele ya duka kuna kijiwe cha bodaboda ambao vesti zao zina namba na ambao walimuuliza mara moja anatafuta nyumba ya nani. Swali hilo la bodaboda ndilo lililonifanya niamue. Mahali ambapo mgeni anaulizwa anakwenda kwa nani, mtu mwenye nia mbaya naye ataulizwa.

Mwenye nyumba, mama wa miaka sabini na kitu, alimwandika rafiki yangu jina kwenye daftari kabla hata ya kumwonyesha chumba. Alisema wageni wake wote huwapeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa siku ya kwanza. Geti linafungwa saa nne, akaongeza, "lakini mimi silali mpaka watoto wangu wote wameingia." Nilimsikia kwenye simu na nikajua tumefika.

Wiki nne za Upanga

Walihamia Alhamisi tarehe 25 Aprili, mkesha wa sikukuu ya Muungano, baada ya kipindi cha saba. Vilibaki 18. Tulikubaliana shilingi 350,000 kwa wiki nne. Bajaji kwenda na kurudi hospitali ilikuwa shilingi 6,000 kwa siku, yaani 108,000 kwa vipindi vilivyobaki, na jumla ikawa 458,000. Kule Chamazi nauli za daladala pamoja na bajaji za jioni zilikuwa shilingi 16,000 kwa siku, ambazo kwa vipindi 18 ni 288,000, na malazi yalikuwa bure. Kwa hiyo Upanga ilitugharimu 170,000 zaidi, na sitaki kuificha tofauti hiyo kwa kuingiza thamani ya simu na goti. Familia zisizo na fedha hizo zipo, nami nimeona watu waliolala kwenye mikeka kwa sababu ya kiasi kidogo kuliko hicho. Sisi tulichanga.

Walichopata kwa fedha hiyo ni safari ya robo saa, mlango kwa mlango, ambapo muda wa kuwa gizani kwa miguu ulikuwa chini ya dakika mbili, na wote waliokuwa kwenye dakika hizo mbili waliwajua. Kufikia wiki ya pili bodaboda wa kijiweni walikuwa wakimwamkia Shangazi "Shikamoo mama wa Songea", na mmoja wao, bajaji zilipokosekana siku ya mvua, alikwenda kumtafutia na akasimama naye chini ya paa la duka la dawa mpaka ilipofika. Tarehe 3 na 4 Mei, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani na boti za Zanzibar zikasitishwa, Ijumaa alihudhuria kama kawaida, na Jumamosi hakuwa na kipindi. Alimaliza Alhamisi tarehe 23 Mei bila kukosa siku nyingine hata moja.

Haikuwa kwamba hatari ziliisha. Jumapili moja binamu yangu alitembea peke yake Barabara ya Barack Obama, kando ya bahari, simu mkononi akipiga picha, na mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza maji akamwita kwa ukali ili aifiche, kwa sababu pikipiki mbili zilikuwa zimepita mara mbili. Ile barabara ni nzuri na watu wengi hupumzika pale, lakini simu mkononi upande wa gari inaporwa pale kama inavyoporwa Chamazi. Tangu jioni ya tarehe 18 nilikuwa nimempangia mtaa, nikasahau kumpangia mwenendo: mkoba upande wa ukuta, simu ndani, fedha na faili visikae pamoja, nakala ya kitambulisho badala ya kitambulisho chenyewe. Mambo hayo yangemsaidia hata usiku ule wa Chamazi.

Agosti 2024 Shangazi alirudi Dar es Salaam kwa uchunguzi. Kundi la ukoo likaanza tena kutaja mitaa, na wengi walidhani ningemrudisha Upanga. Niliuliza kwanza miadi ni saa ngapi. Ilikuwa saa mbili asubuhi, siku moja tu, kiangazi, na daktari alitarajiwa kumaliza naye kabla ya adhuhuri. Nikampigia baba mdogo. Shangazi alilala Chamazi siku tatu, na siku ya miadi alirudi na kushuka Rangi Tatu saa nane mchana, jua likiwa kali na barabara imekauka, akamkuta shemeji yake amesimama kituoni akimsubiri na mwavuli.